Somo la Mwezi: Ukisimamishwa na Polisi Barabarani, Dai Maandishi

Alfajiri, magari ya Eastlands huelekea mjini kwa njia chache tu: Jogoo Road, Juja Road, Outering Road na Kangundo Road. Dereva wa matatu ya Kayole, mwenye bodaboda wa Umoja, mwenye pikapu ya mboga na mwalimu anayejiendesha kutoka Buruburu, wote hupita mbele ya polisi wa trafiki. Siku moja au nyingine kila mmoja wao atapungiwa mkono asimame.

Kwa anayeendesha gari la kazi, kusimamishwa ni hasara hata kama hana kosa. Saa moja kando ya barabara ni safari iliyopotea, na jioni mwenye gari atataka hesabu yake kamili. Ndiyo maana wengi huona heri kutoa kitu kidogo waondoke. Wengine nao hukosea upande wa pili: wamesoma ujumbe kwenye simu kwamba polisi hana ruhusa hata ya kugusa mlango wa gari, wakaanza kubishana, na mabishano yakawa kosa jipya.

Somo hili linaeleza sheria inasema nini hasa kuhusu mamlaka ya polisi na haki ya dereva. Ukisahau mengine yote, shika hili moja: kila hatua halali inayogusa pesa zako, gari lako au uhuru wako ina maandishi yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Barabarani, haki nayo ni hivyo hivyo.

1. Nani anaweza kukusimamisha?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inampa polisi yeyote aliyevaa sare mamlaka ya kusimamisha gari lolote barabarani. Si lazima awe wa kitengo cha trafiki, wala si lazima awe amekuona ukifanya kosa. Akikupungia, punguza mwendo, washa taa ya kuashiria na usimame mahali salama. Kukaidi amri hiyo ni kosa lenyewe. Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 zililiwekea faini ya shilingi 5,000.

Polisi aliye kwenye sare naye ana wajibu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka wakati wote avae jina lake, au nambari yake ya utumishi, mahali panapoonekana wazi kwenye sare. Unaruhusiwa kulisoma na kulikumbuka. Anayekuja bila sare akidai ni polisi, mwombe kwa heshima akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi.

Usiwachanganye polisi na maafisa wa ukaguzi wa kaunti, ambao wengi huwaita kanjo. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma ndani ya kaunti. Kwa hiyo afisa wa kaunti anashughulika na sheria za kaunti, kwa mfano kuegesha mahali pasiporuhusiwa. Kama ni polisi au ni kanjo, kanuni ya somo hili haibadiliki: malipo yoyote ni kwa njia rasmi, na risiti ni haki yako.

2. Wajibu wako ukishasimama

Haki hukaa vizuri mikononi mwa aliyetimiza wajibu wake. Sheria inamtaka dereva awe na leseni yake anapoendesha, na aitoe polisi akiiomba ili aikague. Kukosa kuibeba au kukataa kuionyesha ni kosa ambalo Kanuni za 2016 ziliwekea faini ya shilingi 1,000. Gari liwe na bima, angalau ile ya kulinda watu wengine, kwa mujibu wa Sura ya 405. Matatu pia iwe na cheti cha ukaguzi kilicho hai, na dereva na kondakta wawe na beji zao.

Ukiulizwa jina na anwani, sema. Anayekataa kujitambulisha hujiweka katika hatari ya kukamatwa hata kwa kosa ambalo kwa kawaida halimpeleki mtu seli.

Ukitimiza hayo, umemaliza. Hulazimiki kukiri kosa hapo barabarani. Unaweza kusikiliza anachodai polisi, ukajibu kwa upole kwamba umesikia na ungependa kiandikwe.

3. Polisi anaweza kufanya nini na gari lako?

Hapa ndipo penye uvumi mwingi, kwa hiyo tutenganishe mambo mawili: kukagua na kupekua.

Kukagua ni kutazama kama gari linafaa kuwa barabarani. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Trafiki kinamruhusu polisi kuingia ndani ya gari, kulikagua, kulijaribu na hata kuliendesha au kuagiza liendeshwe kwa ajili ya ukaguzi huo. Anaweza kutazama magurudumu, taa, breki, mikanda na kidhibiti mwendo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba polisi haruhusiwi kamwe kuingia ndani ya gari anakupotosha.

Kupekua ni jambo jingine. Ni kufungua mikoba, mifuko, buti na sanduku la mbele kutafuta vitu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda kila mtu dhidi ya kupekuliwa mwili wake, nyumba yake au mali yake bila sababu ya kisheria. Ili polisi apekue gari bila kibali cha korti, ni lazima awe na sababu ya msingi ya kushuku kwamba gari linatumika katika uhalifu, au kwamba lina kitu kilichoibwa. Una haki ya kuuliza: “Afande, unatafuta nini, na kwa nini unashuku gari langu?” Akiendelea, usimzuie kwa mikono. Shuka, simama mahali unapoona kila kitu, na kama kuna abiria au mpita njia unayemfahamu, mwombe ashuhudie. Mwanamke akihitaji kupekuliwa mwilini, sheria inataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Kuhusu nguvu, sheria ya polisi inamtaka afisa atumie kwanza njia zisizo na ukatili. Nguvu ikilazimu, iwe ya kiasi kinacholingana na hali. Bunduki si chombo cha kumalizia ubishi wa leseni.

4. Ukiambiwa una kosa

Kuna njia tatu halali. Ya kwanza ni onyo: polisi anakueleza kosa na kukuruhusu uende. Hapo huna cha kulipa.

Ya pili ni taarifa ya kosa dogo. Polisi anaandika hati inayotaja kosa na faini yake, na unachagua: ukikubali kosa unalipa kwa njia rasmi iliyotajwa, ukipinga unafika kortini kujieleza. Hii ni mifano ya viwango vilivyowekwa na Kanuni za 2016:

• Kutofunga mkanda wa usalama: shilingi 500
• Kushika simu ukiendesha: shilingi 2,000
• Kuendesha juu ya njia ya waendao kwa miguu: shilingi 5,000
• Mwenye pikipiki kutovaa mavazi ya kujikinga: shilingi 1,000
• Kupita mwendo unaoruhusiwa kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa: shilingi 500
• Kupita kwa kilomita 11 hadi 15: shilingi 3,000
• Kupita kwa kilomita 16 hadi 20: shilingi 10,000

Ya tatu ni kushtakiwa kortini moja kwa moja, hasa kwa makosa mazito kama kuendesha ukiwa mlevi au kusababisha kifo kwa kuendesha vibaya. Korti iliyo karibu na mitaa mingi ya Eastlands ni Mahakama ya Makadara, kando ya Jogoo Road. Kortini utasomewa shtaka kwa lugha unayoielewa. Ukikana, upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha. Ukikubali na kutozwa faini, utapewa risiti.

Zitazame njia zote tatu. Hakuna hata moja ambayo noti hutoka mkononi mwa dereva ikaingia mkononi mwa polisi.

Mfano wa mazungumzo:

Polisi: Habari ya asubuhi, dereva. Leseni.
Dereva: Nzuri, afande. Hii hapa.
Polisi: Umebeba abiria mahali pasipo steji. Sasa tufanye aje?
Dereva: Nimekusikia, afande. Naomba uniandikie hilo kosa, nilipe kwa njia yake au nikajieleze kortini.
Polisi: Kwani unataka twende kituoni upoteze siku nzima?
Dereva: Kama ndiyo njia, tutaenda, afande. Nitampigia mwenye gari nimwambie niko wapi na niko na nani. Naona jina lako hapo kwenye sare.

Dereva huyu hakupiga kelele, hakutaja vifungu vya sheria na hakukataa amri. Aliomba maandishi, akajulisha mtu wa tatu. Mara nyingi hayo mawili yanatosha kumfanya asiye na kosa la kuandika akurudishie leseni yako.

5. Ukikamatwa

Kifungu cha 49 cha Katiba kinaanza kukulinda pale pale unapokamatwa. Una haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Una haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine ambaye unahitaji msaada wake. Usilazimishwe kukiri wala kusaini maelezo usiyoyaelewa.

Ukifika kituoni, kiwe cha Buruburu, Kayole au kwingineko, hakikisha umeandikwa katika kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB, na uombe nambari yake. Simu, pesa na funguo zako zikichukuliwa, ziandikwe pia. Mtu ambaye hajaandikwa popote ni vigumu kumtafuta.

Katiba inataka ufikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24 tangu ulipokamatwa. Saa hizo zikiishia nje ya saa za korti, au siku ambayo si ya korti, mwisho ni tamati ya siku ya korti inayofuata. Tuchukue mifano miwili. Dereva aliyekamatwa Donholm Jumanne saa nne asubuhi anatakiwa awe mbele ya hakimu kufikia Jumatano saa nne asubuhi. Aliyekamatwa Ijumaa saa nne asubuhi, saa zake 24 zinaisha Jumamosi, ambayo si siku ya korti, kwa hiyo muda unasogea hadi mwisho wa Jumatatu.

Mfano huo wa Ijumaa unaonyesha kwa nini dhamana ya kituoni ni muhimu. Una haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kukuzuia. Ukitoa dhamana ya pesa taslimu kituoni, ni lazima upewe risiti yenye kiasi ulichotoa na tarehe ya kufika kortini. Pesa hizo si faini. Ni amana, na kesi ikiisha nawe umehudhuria kama ulivyoagizwa, unazidai. Bila risiti huwezi kuzidai. Usipofika kortini, unazipoteza na hakimu anaweza kuagiza ukamatwe.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Katiba inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi madogo ya trafiki yako katika kundi hilo.

6. Gari likizuiliwa

Gari likionekana kuwa hatari, kwa mfano breki hazishiki, sheria inamruhusu polisi kulipiga marufuku lisitumike hadi litengenezwe. Lakini amri hiyo hutolewa kwa maandishi, katika fomu rasmi. Iombe. Kisha piga picha ya gari lilivyo kabla ya kuliacha kituoni: vioo, magurudumu, redio na kipimo cha mafuta. Andika orodha ya vitu vilivyomo na umwombe afisa wa zamu aitazame. Mwenye gari atakushukuru, nawe hutalipishwa kilichopotea ukiwa haupo.

7. Kitu kidogo kina bei kubwa

Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haimwadhibu anayepokea peke yake. Anayetoa naye ana hatia. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Linganisha na shilingi 500 za mkanda.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa katika sheria. Dereva anayetoa mia mbili leo hajamaliza jambo. Amejulikana kwamba hutoa, na gari lake limejulikana. Kesho atasimamishwa tena, awe na kosa au asiwe nalo, na mwenzake aliye nyuma yake atadaiwa kiasi kile kile. Mzigo huo mwishowe humfikia abiria kwenye nauli.

Ukidaiwa hongo, usitoe matusi wala vitisho. Shika akilini jina au nambari ya afisa, mahali, saa na nambari ya gari la polisi kama lipo. Yaandike ukishasonga mbele. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, hupokea ripoti kwa simu ya bure 1551, na sheria hiyo hiyo ya 2016 inawalinda wanaotoa habari.

8. Kwa nini jambo hili si dogo

Wakenya wengi wanalikumbuka jina la Josephat Mwenda. Alikuwa mwendesha bodaboda wa Mlolongo, mwendo mfupi tu kutoka Embakasi. Mwaka 2015 alisimamishwa na afisa wa polisi wa utawala, akapigwa risasi na kujeruhiwa. Alipolalamika kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, alijikuta yeye ndiye mshtakiwa. Wakili Willie Kimani alijitolea kumtetea.

Tarehe 23 Juni 2016, wawili hao walitoka katika Mahakama ya Mavoko pamoja na dereva wa teksi aliyewabeba, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Walitekwa, wakazuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau bila kuandikwa popote, wakauawa, na miili yao ikapatikana mtoni upande wa Ol Donyo Sabuk. Akiwa kizuizini, wakili Kimani aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya msalani na kuutupa nje, akiomba mkewe apigiwe simu. Kipande hicho kikawa sehemu ya ushahidi. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu na mpasha habari wao. Februari 2023 Jaji Jessie Lessit alimhukumu kifo afisa aliyempiga Mwenda risasi, na wengine vifungo vya kati ya miaka 20 na 30.

Hatulisimulii jambo hili kuwatisha madereva wala kuwapaka matope polisi wote. Maafisa wengi husimama juani na mvuani kuzuia ajali ambazo zingetumaliza. Tunalisimulia kwa sababu lilianza na mwendesha pikipiki kusimamishwa barabarani, na kwa sababu linaonyesha thamani ya maandishi. Kitabu cha matukio, jina kwenye sare na simu kwa mwenye gari ni ulinzi wa dereva. Ni ulinzi wa polisi mwaminifu pia, kwa maana huonyesha kwamba alifuata sheria.

9. Mahali pa kupeleka malalamiko

• Polisi akikujeruhi, akikunyanyasa au akikuzuilia kinyume cha sheria: IPOA, simu ya bure 1559.
• Ukidaiwa hongo: EACC, simu ya bure 1551.
• Unaweza pia kumwona mkuu wa kituo cha polisi anakofanya kazi afisa huyo. Nenda na maandishi yako, na ikiwezekana nenda na mtu. Usiende peke yako ikiwa una hofu.

Malalamiko yenye nguvu hujibu maswali matano: nani, wapi, lini, alifanya nini, na nani aliona.

Maswali ya kujipima

Yajibuni pamoja stejini au kwenye mkutano wa chama chenu, kisha mtazame majibu.

1. Polisi aliyevaa sare anaingia ndani ya matatu kutazama mikanda. Je, amevunja sheria?
2. Kondakta amekamatwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Mwisho wa muda wa kumfikisha kortini ni lini?
3. Umetoa dhamana ya shilingi 5,000 kituoni na hukupewa risiti. Umepoteza nini?
4. Mwenye bodaboda ametoa shilingi 200 ili aachiliwe. Kisheria, nani ana hatia?

Majibu: (1) Hapana, huo ni ukaguzi na unaruhusiwa. (2) Ijumaa saa tatu asubuhi. Ikiwa Ijumaa hiyo ni sikukuu ya umma, basi mwisho wa siku ya korti inayofuata. (3) Umepoteza uthibitisho wa kudai pesa zako kesi ikiisha, na pia tarehe iliyoandikwa ya kufika kortini. Rudi ukaidai risiti siku hiyo hiyo. (4) Wote wawili, aliyetoa na aliyepokea.

Mpe nakala ya somo hili dereva mwenzako, na usimsahau kondakta.